Moshi Nilioukata Pichani

Atupele mwanangu,

Begi lako liko sebuleni limefungwa, na baba yako amekwisha kulinyanyua mara mbili kulipima uzito, kana kwamba ni yeye atakayelibeba. Habari za koti, dawa na chakula cha njiani nimemwachia yeye. Ilowela kuna baridi, utaijua ukifika. Mimi nina jambo moja la kukwambia, na nimelichelewesha miaka kumi na moja.

Jumapili, tukiwa mezani, nilikuagiza hivi: "Ukifika kule tumia jina la baba yako. Wakikuuliza mama yako ni nani, sema ni mtu wa Iringa, inatosha." Ukaniuliza kwa nini. Nikainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha kuoshwa. Ulisimama mlangoni ukinitazama, kisha ukaenda zako. Agizo lile nalifuta. Kwa nini nililitoa, na kwa nini nalifuta, ndiyo habari ya barua hii.

Unajua nilizaliwa Ilowela, lakini mji wenyewe huujui. Ulifika mara moja ukiwa na miaka minne. Ni barabara moja, maduka pande mbili, uwanja wa soko upande wa juu, kanisa la Kilutheri na msikiti mdogo vikitazamana. Nilipokuwa mtoto, mabasi ya Iringa na Mbeya yalipita pale pale katikati. Bibi yako aliuza viazi dirishani kwa abiria. Kisha lami ikajengwa kule bondeni, mwendo wa saa moja kwa miguu, na mabasi yakaacha kupanda. Maduka yakafungwa moja baada ya jingine. Kila mwenye nguvu alishuka kwenda kuishi lamini.

Mmoja aliyekataa kushuka alikuwa Mzee Salumu, fundi cherehani. Babu yake alitoka pwani na biashara ya vitambaa, akaoa Mhehe, akabaki. Mzee Salumu alishona sare yangu ya kwanza ya shule. Aliishona kubwa makusudi, akamwambia bibi yako, "Huyu atarefuka, tusimshonee wa leo, tumshonee wa mwakani." Niliivaa miaka mitatu.

Yeye na mama mmoja muuza njegere, Mama Eda, ndio walioanzisha upya gulio. Walichagua Alhamisi kwa sababu soko la lamini lilikuwa Jumamosi, ili mnunuzi asilazimike kuchagua. Hawakumsubiri mtu. Kila kaya ilileta matofali ya kuchoma na kutoa mtu mmoja wa kazi. Waislamu walifanya kazi Jumapili, Wakristo Ijumaa, ili siku ya ibada ya mmoja iwe siku ya jasho la mwenzake. Wakasimamisha vibanda. Malori ya viazi yakaanza kupanda kile kilima. Gulio lilikuwa na miezi mitano nilipopita mimi.

Nilikuwa mwandishi wa gazeti Iringa, tukiishi Mlandege, nawe ulikuwa darasa la sita. Nilitumwa Chunya kuandika ugomvi wa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Ile ndiyo habari niliyoitaka. Mhariri wangu akasema, "Njiani hapo kata kona upite kwenu, uniletee kitu kidogo cha miji iliyoachwa na barabara. Picha moja na maneno machache." Kitu kidogo. Ndivyo nilivyokibeba.

Tulifika Ilowela Alhamisi saa nane mchana. Dereva hakuzima hata injini. Vibanda vilikuwa vitupu. Viazi na maharage vilikuwa vimerundikwa na kufunikwa magunia. Milango ya maduka imefungwa. Hapakuwa na mtu, ila mbwa mmoja amelala chini ya meza. Nilipiga picha. Daftari la safari ile ninalo bado, nimelifungua leo mchana. Nimeandika: vibanda vitupu, saa 8:10, mbwa mmoja, moshi chini ya sufuria ya mama ntilie.

Moshi, Atupele. Niliuona na nikauandika. Moto uliokuwa ukiwaka chini ya chakula cha watu, na watu hawapo. Mwandishi wa mwaka wa kwanza angejiuliza wameenda wapi. Na mtoto wa Ilowela hakuhitaji hata kuuliza. Kwetu mtu akifa, soko hufunikwa pale pale lilipofikia. Hakuna anayepima kitu mpaka mwili uwe umeingia ardhini. Mali huachwa chini ya magunia bila mlinzi, kwa sababu mwizi naye yuko makaburini. Nimekulia ndani ya desturi hiyo. Mara ngapi nimefunika viazi vya mama yangu na kushikwa mkono kwenda msibani, sijui idadi. Lakini siku ile nilikuwa nimeshafika Chunya kichwani. Tulikaa pale kwa muda wa dereva kunywa soda aliyokuja nayo, tukaondoka.

Niliandika makala fupi. Kichwa chake kilikuwa "Soko Lililokufa". Sentensi ya kwanza: "Siku ya gulio, saa nane mchana, Ilowela haina muuzaji wala mnunuzi." Isome uone kama kuna neno la uongo. Hakuna. Nilipokuwa naandaa picha, kwenye pembe ya chini kushoto ulionekana ule moshi, mstari mwembamba. Niliukata. Si mhariri aliyeukata, ni mimi, kwa sababu mji uliokufa hauwezi kuwa na moshi. Hapo ndipo kuteleza kulipokwisha. Kilichofuata nilikifanya kwa mkono wangu nikiwa macho.

Mzee Salumu alikuwa amefariki alfajiri ile. Kwa Waislamu maiti hailazwi, wakamzika mchana wa siku hiyo hiyo, na Walutheri na Wakatoliki wote walikuwa kaburini. Ndiyo maana sikuwa na habari, hapakuwa na muda wa kutuma salamu, na bibi yako hakuwa na simu. Nilipiga picha vibanda alivyovijenga, ilhali yeye mwenyewe alikuwa kwenye jeneza makaburini nyuma ya msikiti, mwendo mfupi kutoka gari letu liliposimama.

Wiki kadhaa baadaye Mama Eda alikuja nyumbani Mlandege. Unaweza kumkumbuka. Wewe ndiwe uliyemletea chai, na uliniuliza baadaye kwa nini yule mama hakuvua koti. Alikuwa amebeba njegere zimefungwa kwenye ukurasa ule ule wa gazeti.

"Kamwene," akanisalimia Kihehe.

"Kamwene, mama. Karibu."

"Gazeti lako limefaa. Njegere hazikumwagika hata moja."

Nikamwambia nilikuta soko halina mtu.

"Nani alikwambia limekufa? Yule mbwa?"

"Hapakuwa na wa kumuuliza, Mama Eda."

"Makaburini palikuwa na mji mzima! Ungepiga honi tungekusikia. Au ulitaka Mzee Salumu tumwache ajizike mwenyewe, sisi tubaki tunapima viazi tukikusubiri wewe na kamera yako?"

Hapo ndipo niliposikia kwamba amekufa. Aliniona uso. Kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo ilikuwa mbaya kuliko ile ya kwanza: "Sikutaka utusifie. Andika tu kwamba siku ile tulikuwa tunazika. Mistari miwili. Wanunuzi wa viazi wananiuliza kwenye simu kama bado tupo."

Nilimwahidi. Kesho yake nikaenda kwa mhariri. Akaniuliza, "Vibanda vilikuwa vitupu?"

"Vilikuwa vitupu."

"Na ilikuwa siku ya gulio?"

"Ilikuwa."

"Sasa umekosea wapi? Gazeti halisahihishi kitu ambacho si kosa. Nenda kaandike ya leo."

Hakujua habari za moshi, na mimi sikumwambia. Nilitoka pale nikiwa nimefarijika. Nakuandikia neno hilo kwa sababu ndilo sahihi. Nilifarijika kuambiwa sina kosa na mtu niliyemficha kosa.

Sitasema makala yangu ndiyo iliyoliua gulio. Nikisema hivyo nitakuwa najipa ukubwa ambao sina. Barabara ilikuwa imekwisha kulidhoofisha, na bei ya viazi mwaka ule haikuwa nzuri. Lakini wenye malori walikuwa wakihitaji sababu ya kutopanda kilima kile, na mimi niliwapa sababu iliyochapishwa. Wakaacha. Gulio likapungua, kufika masika halikuwepo. Bibi yako, aliyekuwa ameapa kufia Ilowela, alikuja kuishi nasi. Alisema miguu inamuuma. Miguu haikuwa ikimuuma.

Kuhusu jambo hili alizungumza nami mara moja tu. Tulikuwa tumekwisha kuhamia hapa Ilomba, Mbeya. Alikuwa anamenya maharage kibarazani, hakuinua macho. "Ile siku ulipopita na gari," akasema, "ulifika mlangoni kwangu?"

"Sikufika, mama."

"Aa. Nilidhani labda ulibisha nikawa sipo."

Akaendelea kumenya. Nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa uwanja. Ningevuka kwenda kumsalimia mama yangu, ningekuta mlango umefungwa na kuni zimeachwa nusu, na ningejua mara moja kuna msiba. Sikuhitaji uandishi wa habari. Nilihitaji kuwa mtoto wa mtu kwa dakika tano.

Sasa nikueleze waliyoyafanya wao, maana kule ndiko unakokwenda kufanya kazi. Misimu miwili ilipita bila gulio. Kisha Mama Eda akaanza tena na akina mama sita, safari hii bila kuwategemea wenye malori. Jengo la stendi ya zamani wakaligeuza ghala la mbegu za viazi. Akawaambia wakulima: atakayehifadhi mbegu hapa auze Alhamisi hapa. Wakachimba mfereji kwa majembe. Nyumba za barabarani wakazisiliba upya kwa udongo mwekundu. Kijana mmoja akarudi kutoka Mbeya akafungua kibanda cha kinyozi, mwingine akafungua chumba cha kuchomelea vyuma, na wanunuzi wakarudi wenyewe kwa sababu mbegu nzuri ilikuwa pale. Hayo yote niliyasikia kwa watu, mwaka baada ya mwaka. Kuandika habari za watu ni kazi yangu. Habari hii sikuiandika, kwa sababu aya ya pili ingebidi iseme mimi ni nani.

Bibi yako alipofariki tulimpeleka kwao. Wewe ulikuwa kwenye mitihani ya chuo, tukakukataza kuja, na kwa hilo pia nakuomba radhi. Sikuwahi kukusimulia mazishi yale. Tulifika Alhamisi. Gari lilipopanda kilima niliona uwanja wa soko umejaa magunia, viazi, nyanya, kabichi, vyote vimefunikwa. Hakuna mtu. Mji mzima ulikuwa umesimama nje ya nyumba ya bibi yako ukitusubiri. Soko lilifungwa kwa ajili ya mama yangu. Nilipita katikati ya vibanda nyuma ya jeneza, na chini ya sufuria ya mama ntilie palikuwa na moshi.

Kaburini familia ilipewa nafasi ya kusema. Mama Eda alikuwa amesimama mbele yangu, kitenge kimefungwa kiunoni, jembe mkononi, maana wanawake wa kikundi chake walikuwa wamelima njia ya kwenda kaburini. Ilikuwa nafasi yangu. Watu wote walioguswa walikuwepo, na kila mmoja alikuwa ameacha mali yake chini ya gunia kwa heshima ya mama yangu. Mistari miwili tu. Nilisoma wasifu wa marehemu, alizaliwa, aliolewa, ameacha mtoto mmoja na mjukuu mmoja. Nikasoma vizuri, bila kutetereka. Watu husifu utulivu wangu, nawe umenisifu mara nyingi. Siku ile ulikuwa woga uliovaa vizuri. Nilikunja karatasi nikashuka.

Mama Eda alinishika mkono baadaye. "Pole, mwanetu." Basi. Hakunidai neno. Ingekuwa rahisi zaidi kama angenitukana.

Kosa la kwanza nililifanya katika dakika chache na lingesahihishwa kwa mistari miwili. Hilo la pili, la kukaa kimya, nimelifanya kila siku kwa miaka kumi na moja, na Jumapili nilijaribu kukupa nawe ulibebe. Ndipo nilipoona lilivyokua.

Maana fikiria. Una paji la uso la bibi yako na unacheka kama yeye. Mama Eda atakujua kabla hujashusha begi. Ungesimama mbele yake siku ya kwanza ukisema mama yako ni "mtu wa Iringa", naye angekutazama tu. Ungeanza kazi katika mji ule ukiwa muongo kwa niaba yangu. Halafu ungewachorea paa la soko, na wao wangejiuliza nini kingine umekata pembeni.

Barua yao ya kukuita kazini niliisoma ulipoiacha mezani. Ina sentensi moja ambayo nimeirudia mara nyingi: "Tunahitaji fundi sanifu atakayekaa nasi, siyo wa kupita." Sidhani Mama Eda alinikusudia mimi alipoiandika. Lakini niliisoma nikiwa nimesimama, kama mshtakiwa mbele ya hakimu.

Kuhusu kazi yako sina la kukufundisha. Mteremko wa mfereji unaujua wewe. Ninachoweza kukwambia ni kwamba vipimo vyako vitakuwa sahihi, kama sentensi zangu zilivyokuwa sahihi, na bado unaweza kukosea. Ukiona jiwe limekaa vibaya katikati ya uwanja, kabla hujaliandika kwenye orodha ya kuondolewa, muulize muuza nyanya. Huenda ndipo wanapoketi wazee wanaposuluhisha ugomvi. Huenda ni jiwe tu. Atakwambia. Na ipo siku utafika kazini ukute magunia yamefunika kila kitu na hakuna mtu wa kushika upande wa pili wa futi kamba. Iweke chini uwafuate. Paa litasubiri.

Ndani ya bahasha hii nimeweka picha. Ni ile ya kwanza, nzima, yenye moshi. Niliihifadhi, sijui kwa nini, labda kwa sababu mwandishi hatupi ushahidi hata unaomhukumu. Hiyo ni yako. Si ya kumpelekea Mama Eda. Kumwomba radhi ni kazi yangu, na nimekwisha kukutwisha ya kutosha. Gazeti lile halichapishwi tena, kwa hiyo masahihisho hayana ukurasa wa kukaa. Nimeyaandika hata hivyo, mistari miwili kama alivyoomba. Alhamisi, kabla ya kuanza kupima, huwa wanapiga chuma na kutangaza matangazo: ng'ombe aliyepotea, mkutano wa shule. Nitamwomba anipe nafasi hapo. Akininyima, ana haki. Nawe usije ukaniandikia kwamba wamefurahi kama hawajafurahi. Niambie kama ilivyo.

Wewe ukifika kesho, Mama Eda atakuuliza kama wanavyouliza kule, "Wewe ni wa nani?" Mtajie baba yako, ni mtu mwema. Kisha nitaje mimi, jina zima. Akinyamaza, nyamaza naye. Usinitetee.

Mimi nitakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Nitashuka bondeni kwenye lami na nitapanda kwa miguu, ili nisiwe na dereva wa kunisubiri. Nitaanzia mlangoni kwa bibi yako, ingawa nyumba ni tupu. Halafu nitavuka uwanja. Na nikikuta vibanda vitupu, safari hii nitatafuta makaburini kwanza, nimwulize nitakayemkuta tunamzika nani.

Mama yako,
binti wa Yustina muuza viazi, wa Ilowela